Mkoba Chini ya Kitanda

Tulikuwa tumeshalipita duka la matairi na stendi inaonekana, ndipo nikagundua kwamba mkoba bado niko nao mimi.

Halikuwa jambo la kawaida. Katika ukoo wetu mgeni anayeondoka habebi mzigo wake. Anaubeba anayemsindikiza, tena hauachii mpaka gari lianze kusogea. Na mimi nimesindikizwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, kwa sababu maisha yangu ni kuondoka. Natengeneza cherehani. Naenda mji baada ya mji, nalala kwa ndugu, nalala kwa wateja, na nikishasikia cherehani za mahali zote zinaimba vizuri, miguu inaanza kuniwasha. Ndiyo maana nyumbani wananiita Miguu. Huyu mtoto wa marehemu kaka yangu, fundi wa kushona, ndiye aliyenisindikiza tangu akiwa msichana, na mkoba wangu wa vifaa, na uzito wake wote wa nyundo na bisibisi na chupa ya mafuta, hajawahi kuniachia hata siku moja. Huupokea mlangoni bila kuuliza.

Siku hiyo hakuupokea.

"Mama," nikamwambia, "siku hizi mgeni anajibebea?"

"Bega, Baba Mdogo. Bado linauma."

Bega nililijua. Alikuwa na kazi ya makoti ya wahudumu wa hoteli, makoti yenye bitana, na alikuwa ameinamia cherehani siku nyingi mfululizo. Jana yake alilalamika kwamba bega la kulia linamkata pale juu kabisa, kwenye ncha. Nikaitazama meza yake nikasema, hii iko chini mno kwako, unainama kama mtu anayechungulia kisima. Nikatafuta vibao, nikavikata, nikaipandisha meza. Nikajisifu. Mama mkwe wake, anayekaa naye na ambaye ana mafuta ya kuchua kwa kila ugonjwa, akamchua. Nyumba nzima tukalala tukijua tumelitibu bega.

Tukasogea kidogo. Nikamwona anaburuza mguu, mkono ameubana chini ya tumbo upande wa kushoto. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, karibu na muuza vocha, polepole sana, kama mtu anayetua trei ya glasi.

"Nenda, basi litakuacha," akasema. Midomo ilikuwa imepauka. "Napumzika tu, halafu narudi."

"Ni tumbo?"

Akanyoosha kidole kuelekea stendi.

"Nakuuliza, ni tumbo?"

"Kama la mara ile," akasema. "Lakini nilijua siyo, maana damu ya mwezi niliiona." Akafikiri. "Ilikuwa kidogo. Lakini niliiona."

Mara ile, miaka michache nyuma, mimba yake ya kwanza ilitunga nje ya mfuko wa uzazi, ndani ya mrija, ile njia ambayo yai hupitia kufika mahali pake. Mrija ni mwembamba, haukuumbwa kulea mtoto. Ulipasuka. Hospitali aliyofikishwa walimfungua tumbo lote, wakamwokoa, na mrija ule wa kulia wakauondoa kwa sababu ulikuwa umeharibika kabisa. Mwanamke huzaliwa na miwili. Yeye amebaki na wa kushoto, na mkono wake ulikuwa umebana hapo hapo.

Nikasimamisha teksi. Tukiwa tunageuza, basi langu likatupita likitoka stendi. Nililiona ubavu.

Hospitalini walimpima mkojo, wakampima presha, wakampiga picha ya tumbo kwa ile mashine ya kupakwa mafuta baridi. Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke wa umri wake, mwenye kuongea taratibu mpaka unatamani kumsukuma. Kabla hatujamwambia chochote akauliza, "Na bega? Linauma?"

Tukatazamana.

"La kulia," mwanangu akasema. "Ni kazi. Mimi fundi cherehani."

"Siyo kazi. Kuna damu imevuja ndani ya tumbo. Ikipanda juu inagusa ule ukuta wa kupumulia, na mshipa wa fahamu wa hapo unatokea shingoni, jirani na wa bega. Kwa hiyo mwili unalisingizia bega. Bega lako halina kosa."

Nikavikumbuka vibao vyangu.

Akaendelea taratibu vilevile. Mimba imetunga kwenye mrija wa kushoto. Haujapasuka, lakini umevimba na unavuja damu kwenye mdomo wake. Ingewahiwa mapema labda dawa peke yake ingetosha, lakini sasa kuna damu, haiwezi kungoja dawa. Lazima upasuaji, tena leo.

Mwanangu akafunua shuka akamwonyesha kovu, refu, limekunjamana katikati. "Utapita hapa hapa?"

"Hapana. Nitatoboa kidogo kwenye kitovu, na vitundu viwili vingine huku chini. Tunajaza hewa ya gesi, tumbo linainuka kama hema, tunapata nafasi. Ninaingiza kamera nyembamba kama kalamu, na vifaa vyembamba kama hiyo. Mimi natazama kwenye runinga nafanya kazi."

Mgonjwa wangu, na maumivu yake yote, akainua kichwa. "Kama bitana."

"Nini?"

"Koti likiharibika kwa ndani sifumui lote. Nafumua kidogo bitana ya mkononi, hapa, napitisha vidole, natengeneza huko huko, nafunga. Mwenyewe akivaa hajui."

"Sijawahi kushona koti," daktari akasema. "Lakini kama ni hivyo, ndiyo."

Hapo ndipo mume wa mwanangu akaingia, amekuja mbio kutoka karakana. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, shati lote limetobolewa na cheche, miwani ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Akamshika mkewe mguu, maana ndio uliokuwa karibu, na hakuuachia.

Daktari akarudia yote kwa ajili yake, kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuuondoa mrija. Kazi safi, na hofu ya mrija inaisha leo, ila hatashika mimba tena kwa njia ya kawaida. Ya pili ni kuupasua mrija kidogo pale penye uvimbe, kuitoa mimba, na kuuacha mrija mahali pake. Huenda damu ikagoma kukauka. Huenda mabaki ya mimba yakabaki, kwa hiyo lazima kupima damu kila wiki mpaka yaishe. Na siku za mbele, mimba nyingine inaweza kukwama hapo hapo.

"Toa," mumewe akasema. "Daktari, toa."

"Namuuliza yeye."

"Mke wangu, nisikilize. Mimi sikuoa mrija. Niliingia nyumbani kwenu nikakuomba wewe. Mara ile nilikaa kwenye benchi wanapita na ndoo za damu. Sitaki tena ndoo. Utoke tu humo ukiwa hai, basi."

"Najua," akamjibu, sauti ya chini. "Ndiyo maana nilikupenda. Sasa ninyamazie kidogo."

Akamgeukia daktari. "Koti likichomwa na sigara, huwa sikati mkono mzima."

"Mrija siyo koti."

"Najua siyo koti. Nasema tu unitazamie kwanza. Kama unafaa, uache. Nitakuja hizo wiki zote. Nitakuja hata kwa kutambaa."

"Na nikiukuta umeharibika?"

Akaangalia miguuni pake. Mumewe alikuwa bado ameushika mguu.

"Basi toa," akasema. "Lakini utazame kwanza. Usitoe kwa kuniogopea."

"Nitautazama," daktari akasema. "Hilo naweza kuahidi. Lingine sitaahidi."

Walipoanza kumwandaa akaniita kwa kidole. Nikainama.

"Nikiamka utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Miguu, usiseme tu. Wewe huwa unasema 'nitakuwepo' huku unafunga kamba za viatu."

"Nitakuwepo, mama."

"Weka mkoba hapa." Akaonyesha chini ya kitanda. "Mpaka ndani kabisa, ukutani."

Nesi akasema vitu vya nje haviruhusiwi wodini. Mwanangu akamwambia, "Dada, huyu mzee bila mkoba haendi popote. Ukiutoa nje, na yeye katoka." Nesi akanitazama juu mpaka chini, akausukuma mkoba kwa mguu mpaka ukagota ukuta.

Wakamchukua. Sisi tukabaki kwenye benchi la korido, penye dirisha linalotazama uwanja wa kuanikia mashuka. Mama mkwe akafika na chupa ya chai na vikombe, kanga moja begani na nyingine kichwani, akaketi bila kuuliza, akamimina. Alipoelezwa habari ya bega akaangalia viganja vyake.

"Na mimi nimelichua," akasema.

"Na mimi nimelikatia vibao."

"Usiku nimelichua mara mbili."

"Mimi nilivipiga randa, viwe laini."

Akanitazama, akatikisa kichwa. "Madaktari wawili tumefukuzwa kazi siku moja." Akanijazia kikombe.

Mkwe wangu hakunywa. Alikuwa anasimama, anaketi, anavua miwani anaivaa. Mwishoni akaninong'oneza, "Baba, nilisema vibaya?"

"Ulisema kweli."

"Mbona hakupenda?"

"Alipenda. Ila alikuwa anaongea habari ya mwili wake, ukamjibu habari ya woga wako. Yote mawili ni kweli, lakini yeye ndiye aliyelala kitandani."

Akaivua tena miwani, akaikumbatia kifuani kama kifaranga. Mama yake akanyoosha mkono akampapasa mgongo, na yule mwanaume mzima akauacha mgongo upapaswe.

Daktari alitoka amevua kofia, nywele zimelala. Kwa mwendo wake ule hatukuweza kujua chochote kabla hajafika.

"Anaendelea vizuri," akasema. "Mrija nimeuacha."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Mkwe wangu akageukia dirisha, akasimama pale anatazama mashuka.

Daktari akatueleza kwamba alifyonza damu yote, akautazama mrija kama alivyoahidi, akaona ukuta wake bado mzima. Akapasua mstari mdogo juu ya uvimbe, akaisukuma mimba nje kwa maji, polepole, bila kuuvuta mrija. Damu ikakauka. "Sasa tunangoja vipimo vya damu vituambie," akasema. Nikamwelewa kwa nini anaenda taratibu.

Mwanangu alipofumbua macho, kitu cha kwanza alishusha mkono pembeni ya kitanda, ukapapasa chini huko.

"Upo," nikamwambia.

"Na mrija?"

"Na wenyewe upo."

Akafumba macho. Machozi yakatokea pembeni, yakaingia masikioni, nikayafuta kwa leso yangu, ambayo ilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani.

"Alikosea njia tu, Baba Mdogo," akasema.

Nilichelewa kumwelewa. Ni huyo aliyetolewa. Sisi wote mchana kutwa tulikuwa tunauwaza mrija, hakuna aliyemtaja huyo.

"Ndiyo, mama. Alikosea njia."

"Alikuwa anakuja kwangu."

"Alikuwa anakuja kwako."

Mumewe akaingia, nikampisha kiti. Sikusikia walichoongea. Nilipochungulia, alikuwa amelaza kichwa chake kwenye kitanda, kando ya mkono wa mkewe, na yeye mgonjwa anamchambua nywele, anamtoa vipande vya chuma.

Asubuhi yake nikamkuta ameshika bega. Lile lile la kulia, pale pale kwenye ncha. Nilikimbia kwenye korido hiyo kama mwizi, kiatu kimoja nikakiacha njiani, nikamkamata nesi, yule yule wa mkoba. "Bega limerudi. Damu inavuja. Mwite daktari."

Nesi akaja, akampima presha, akambonyeza tumbo, akatazama vitundu. Kisha akaanza kucheka, akijaribu kujizuia. "Mzee, ni gesi. Ile tuliyomjaza. Iliyobaki nayo inapanda juu inagusa pale pale. Atembee kidogo, itaisha."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kavae kiatu."

Basi tukatembea, mimi na yeye, kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, ameshika mkono wangu. Daktari alitukuta hapo.

"Nilitaka kukuuliza," mwanangu akamwambia. "Ule mkato wa kwenye mrija. Umeshona kwa uzi gani?"

"Sikushona."

"Hukushona?"

"Mkato kama ule tunauacha. Mrija unajiziba wenyewe."

Alimtazama kwa uso ambao nimeuona akiwatazama mafundi wanaoacha nyuzi zikining'inia. "Umeuacha wazi, ukatoka."

"Nikatoka."

"Mimi mteja angenirudishia."

"Na wewe utarudi," daktari akasema. "Kila wiki. Nitapima ile homoni ya mimba kwenye damu mpaka isionekane kabisa. Ikionekana hata kidogo, hujamaliza. Nani atakuwa anakuleta?"

Mumewe alikuwa na mkataba wa mageti mji wa pili. Mama mkwe miguu yake haiwezi ile ngazi ya maabara. Mwanangu hakunitazama mimi. Alitazama chini ya kitanda.

"Mkoba unao wewe," nikasema.

Alipotoka hospitali, mkoba uliingia kabatini, pamoja na vitambaa, ukafungiwa, na ufunguo akautia kwenye pochi. Nikakaa. Nilizitengeneza cherehani zote za mtaa ule. Zilipokwisha nikatengeneza feni, pasi, bawaba za milango. Nikaanza kutengeneza vitu vizima. Mama mkwe akaificha redio yake chini ya mto, akisema inaimba vizuri hivyo hivyo, asionekane mtu na bisibisi.

Na kila wiki, siku ya kupima, nilimsindikiza. Nilimbebea pochi, mimi mzee na mvi zangu, na watu wakatutazama wapendavyo. Mwanzoni homoni ilishuka vizuri, kila wiki chini ya wiki iliyopita. Akaanza kukaa kwenye cherehani tena, kidogo kidogo. Akaanza kuimba.

Kisha wiki moja haikushuka. Ilikuwa pale pale, tena imepanda kwa unywele.

Daktari hakuficha. Kuna kipande kimebaki, kimeng'ang'ania ukuta wa mrija. Hakumpasua tena. Akampa sindano ya dawa ya kukikausha, akamwambia baada ya hapo asishike mimba kwa miezi kadhaa mpaka dawa imtoke mwilini, na wiki ijayo aje. Tukarudi nyumbani kwa miguu, hakutaka teksi. Tulipofika kwenye duka la matairi akasimama.

"Kama nimekosea kuuacha," akasema, "niambie wewe. Wao hawataniambia."

Mimi sikusoma. Nilisoma darasa hapa darasa pale, kokote baba yetu alikopata kibarua, na mambo ya mwili nayajua kama ninavyoijua bahari, kwa kuitazama kutoka juu. Nikamwambia ninachokijua.

"Cherehani ikirudi kwangu mara ya pili, sijui kama nilikosea. Najua tu bado hatujamaliza."

Akanishika kwenye kiwiko. Tukaenda.

Wiki iliyofuata ilishuka. Iliyofuata ikashuka zaidi. Ikawa kidogo, ikawa kidogo sana, mpaka siku moja yule mtu wa maabara akatoka nje mwenyewe, akamwambia daktari mlangoni, "Huyu hakuna kitu."

Mwanangu akaketi kwenye benchi, polepole, kama mtu anayetua trei ya glasi. Nikaogopa. Lakini alikuwa anacheka.

Kesho yake alifungua kabati. Akautoa mkoba akaupangusa vumbi, akautia begani, bega la kulia, akatangulia mlangoni. Alinipokonya hata koti. Pale stendi alisimama na mkoba mpaka dereva akawasha gari, mpaka likaanza kusogea, ndipo akaupitisha dirishani, mapajani mwangu, akabaki anatembea kando ya gari, mkono juu ya dirisha, mpaka likamzidi mwendo.

Makoti ya hoteli yalimaliziwa na fundi mwingine. Daktari alihamishwa, nasikia anafundisha wenzake kazi ile ya vitundu. Nesi yupo pale pale. Mkwe wangu alimaliza mageti, akafungua karakana yake. Mama mkwe bado anachua watu, ila mwanamke akija na bega, humuuliza kwanza habari za mwezi wake, na wawili ameshawapeleka hospitali. Mmoja wao kweli ilikuwa bega.

Mwaka wa kwanza haukuleta kitu. Wa pili pia haukuleta. Wa tatu mwanangu alishika mimba, akaenda kupigwa picha mapema sana kama alivyoagizwa, ikaonekana ndani ya mfuko wa uzazi, mahali pake. Nilikuwa mbali, niliambiwa kwa simu. Alizaa mtoto wa kike. Mtoto alichelewa sana kutembea, nyumba nzima ikafurahi, wakasema hakumrithi Miguu. Mrija wenyewe hakuna aliyeutazama tena. Vibao bado viko chini ya meza ya cherehani, kwa sababu kumbe meza ilikuwa chini kweli.